Hazina ya Mjerumani Haiko Chini ya Boma

Katika wilaya za Handeni na Korogwe yako maneno ambayo hayajapata kukoma tangu babu zetu walipokuwa watoto. Ni maneno juu ya dhahabu ya Mjerumani. Keti kwenye benchi la muuza kahawa pale stendi ya Korogwe kwa muda wa vikombe viwili, na hutakosa kumsikia kijana anayemjua mtu, anayemjua mtu mwingine, mwenye ramani. Ramani hiyo, wanasema, iliachwa na ofisa wa Kijerumani alipokuwa akiwakimbia Waingereza. Ina mshale, ina mwembe, ina jiwe lililochongwa nambari. Mwenye ramani hakosi kuhitaji fedha kidogo: za mafuta ya gari, za kukodi mashine ya kupimia madini, za kondoo mweusi wa mganga. Fedha hutolewa, shimo huchimbwa, dhahabu haionekani, mwenye ramani huhama wilaya. Mwaka unaofuata ramani ile ile huonekana mahali pengine, ikiwa imeongezwa mshale wa pili.

Nimeliona shimo moja la namna hiyo wilayani Handeni, chini ya ukuta wa mawe wa zamani. Kina chake kilipita kimo cha mtu, nalo lilikuwa limekwisha kuula msingi hata kona ya ukuta imeanza kuinama. Mzee mmoja wa hapo alinikuta nikilitazama. Nilimwamkia, akaitikia, akasimama kando yangu kwa kitambo bila kusema neno. Kisha akasema: "Mjukuu wangu, mawe haya babu yangu aliyabeba kichwani kutoka mtoni. Hawa wanaochimba wote wanauliza Mjerumani alificha nini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani aliyeyaleta mawe."

Makala haya yametokana na swali la mzee yule. Nitasema mambo mawili. La kwanza, dhahabu hiyo haipo. La pili, hazina ipo, tena ni kubwa kuliko hiyo inayotafutwa, lakini haikufukiwa ardhini. Imefunikwa na namna tuliyofundishwa ya kuitazama vita: kumwona mwenye ngome na mwenye bunduki, na kutomwona aliyebeba ngome na bunduki hiyo kichwani mwake.

SERIKALI YA KARATASI

Anayeamini habari ya masanduku ya dhahabu na autazame kwanza mfuko wa Mjerumani ulivyokuwa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimeifunga pwani. Fedha mpya hazikuweza kuletwa kutoka Ulaya. Kuanzia 1915 serikali ya kikoloni ikaanza kuchapa noti zake yenyewe hapa hapa nchini, kwa karatasi yo yote iliyopatikana, na kufikia 1917 noti nyingine zilikuwa zikipigwa porini kwa mihuri ya mpira. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, zilitengenezwa sarafu za heller 5 na heller 20, na shaba iliyotumika nyingine ilikuwa ya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa.

Dhahabu kweli ilitengenezwa, nayo haikuwa siri. Zilikuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zipatazo 16,000, zilizopigwa huko huko Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Zikikusanywa zote mahali pamoja, hata moja isikosekane, hazifiki kilo 120. Huo ni mzigo wa wapagazi watano. Na Tabora, ndugu msomaji, si Handeni.

Basi na tuulize kwa akili iliyotulia. Serikali inayowalipa watu wake kwa karatasi ya muhuri wa mpira na kwa maganda ya risasi, itakuwa na masanduku mangapi ya dhahabu ya kuzika chini ya kila mwembe wa Uzigua? Jeshi lililokuwa likirudi nyuma, likiacha hata wagonjwa wake hospitalini, lilipata wapi siku tatu za kuchimba shimo na kuchonga jiwe? Hadithi hii haina mguu wa kusimamia. Wanaonufaika nayo ni wenye ramani peke yao, nao ni wezi, wala lisitafutwe jina jingine la kuwastiri.

Tena uharibifu wake si mdogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikumwachia mtu ye yote uhuru wa kufukua mambo ya kale bila kibali. Hata hivyo ukuta ulioshinda mvua za zaidi ya miaka mia moja unaangushwa kwa sururu katika usiku mmoja, na kijana aliyeuza mbuzi wake wawili anarudi nyumbani na udongo chini ya kucha.

BOMA NI NENO LETU

Kwa nini basi watu wazima wenye akili zao huuza mifugo ili wachimbe shimo? Jibu ni kasumba. Ukoloni ulipoondoka ulituachia majengo, na pamoja na majengo ulituachia macho ya kuyatazamia. Tumezoea kuamini kwamba aliyekuwa ndani ya ukuta wa mawe alikuwa na mali, alikuwa na akili, alikuwa na siri, na kwamba sisi tuliokuwa nje ya ukuta hatukuwa na lo lote. Mpe mtoto wa darasa la tano kalamu, umwambie achore ngome. Atakuchorea minara miwili, bendera, na daraja la kuvutwa kwa minyororo: vitu ambavyo yeye wala babu yake hakupata kuviona ila katika sinema, na siku hizi katika simu. Mwambie achore ngome ya Mzigua. Atakutazama kama umemwambia achore pembe za sungura.

Lakini neno lenyewe boma ni letu. Kabla ya Mjerumani, boma lilikuwa uzio wa magogo na miiba uliozunguka kijiji au zizi, kwa kuwa watu walioishi kando ya njia za misafara walijifunza mapema kwamba kijiji kisicho na boma hakilali usingizi. Mkoloni alipokuja alilichukua neno hilo akaliweka juu ya nyumba ya ushuru, ya mahakama, ya gereza na ya kiboko. Kuanzia 1898 alitoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake. Adhabu ya viboko ishirini na vitano ilizoeleka hata ikapata jina katika Kiswahili: hamsa ishirini. Hiyo ndiyo kazi iliyofanyika nyuma ya kuta zile ambazo leo tunazipiga picha.

Na ngome tulikuwa nazo. Kisabengo, ambaye alikuwa Mzigua, alijenga mji wenye ukuta karibu na ilipo Morogoro ya leo. Stanley alipopita huko mwaka 1871 aliukuta mji huo una kuta za mawe na minara pembeni, na mtawala wake ni mwanamke, binti Kisabengo. Bwana Heri wa Saadani, naye Mzigua, alipigana na Wajerumani katika vita ile ile ya 1888 hadi 1890 ambayo Bushiri bin Salim aliiongoza huko Pangani. Saadani ilipopigwa kwa mizinga mwaka 1889, Bwana Heri hakupiga magoti. Aliingia bara kidogo, akajenga boma la magogo Mlembule. Jeshi la Wissmann lilipolishambulia mara ya kwanza, mwishoni mwa mwaka huo, lilirudishwa nyuma. Ilibidi mzungu arudi na watu zaidi na mizinga zaidi mwanzoni mwa 1890, ndipo boma likaanguka. Boma hilo lilikuwa la miti. Limeoza, na kwa kuwa limeoza hakuna anayelichimba wala anayelisimulia. Je, ushujaa hupimwa kwa ugumu wa tofali?

Tena kuna ushahidi hai kwamba historia haihitaji jiwe ili idumu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati wa njaa kali, Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi wakauzwa utumwani Somalia. Wengi wao walitoroka, wakaingia katika misitu ya bonde la mto Juba, wakajilinda humo kwa silaha na kwa umoja wao. Hawakuwa na ngome hata moja ya kuwaachia watoto. Waliwaachia lugha. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipolipuka Somalia mwaka 1991, vitukuu vyao walikimbilia Tanzania, wakapokelewa katika kambi ya Mkuyu wilayani Handeni, baadaye wakapewa makazi Chogo katika wilaya hiyo hiyo, na wengi wakapata uraia. Walishuka katika nchi ambayo hawakupata kuiona, nao wakasikilizana na wenyeji kwa Kizigua. Haya ndiyo mambo ya kumsimulia mtoto anayependa habari za vita.

MSAFARA WA 1916

Sasa tuje kwenye vita ambayo wachimba mashimo wanadai kuijua. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na jeshi la watu wapatao 8,000, wakashindwa na jeshi la Lettow-Vorbeck lenye watu wapatao 1,000. Habari hiyo inasimuliwa dunia nzima kama hekaya. Hata nyuki waliotoka mizingani na kuwauma askari siku ile wamepewa nafasi yao katika vitabu vya historia. Nyuki wameipata, mpagazi bado anasubiri nje.

Vita haikuishia Tanga. Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliteremka na jeshi lake kufuata bonde la mto Pangani. Katikati ya Juni Korogwe ilikuwa mikononi mwake, na siku chache baadaye Handeni. Tarehe 24 Juni yalipiganwa mapambano ya mto Lukigura, kusini ya Handeni. Kisha jeshi lile, pamoja na majenerali wake, magari yake na farasi wake, likakwama Msiha mwezi wa Julai. Halikukwamishwa na ngome. Lilikwamishwa na mbung'o walioua farasi na ng'ombe, na malaria na kuhara damu vilivyolaza watu, na chakula kilichokuwa nyuma ya jeshi wala hakifiki.

Hapo ndipo siri ya vita ile ilipo, na haihitaji ramani. Mpagazi mmoja hubeba mzigo wa kilo 25 hivi. Naye ni binadamu. Anakula, tuseme kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, amekwisha kula kilo 20 katika zile 25 alizobeba. Kilo tano tu ndizo zilizomfikia askari. Basi kila askari aliyelala mbali na reli alikuwa na nyuma yake mlolongo wa watu waliombebea chakula, na watu waliowabebea chakula wale wabebaji. Ndiyo maana Waingereza peke yao, katika vita hiyo ya Afrika Mashariki, wanakadiriwa kuwatumia wapagazi wapatao milioni moja. Na mwaka 1917, walipokwisha kuishika sehemu kubwa ya nchi hii, walikwenda vijijini kuwakamata wanaume kwa nguvu.

Wajerumani hawakufanya vingine. Wakati wa vita walijenga reli nyembamba kutoka Mombo hadi Handeni, kwa vyuma vilivyotolewa katika mashamba ya walowezi. Haikuwa na garimoshi. Mabehewa yake yalisukumwa kwa mikono ya watu. Reli ilipokomea Handeni, mizigo ilipandishwa vichwani kuelekea kusini hadi Reli ya Kati. Watu wa wilaya hizi mbili walikuwa garimoshi la Mjerumani, na baada ya Juni 1916 wakawa lori la Mwingereza. Bendera ilibadilika katika wiki moja. Mzigo haukubadilika.

Na nyumbani je? Majeshi yote mawili yalikula kutoka maghala ya wanavijiji. Kuku, mbuzi, mtama na mahindi vilichukuliwa, na mwanamume aliyepaswa kulima msimu unaofuata alikuwa njiani na sanduku la risasi kichwani. Wanawake walibaki na majembe, na watoto, na njaa. Huwezi kuwaona watu hao katika picha ya ngome. Ngome haina dirisha la upande huo.

NANI ALIYEKUMBUKWA

Sasa tutazame jinsi hesabu ilivyofungwa baada ya vita. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha huko Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mwezi Machi 1919 alipokewa Berlin kwa gwaride la heshima. Mwaka 1920 vikatoka vitabu vya kumbukumbu zake. Upande wa Waingereza, takwimu zao wenyewe zinakiri vifo vya wapagazi zaidi ya 90,000, na wanahistoria wengi wanasema hesabu ya kweli ni kubwa zaidi. Hawakuuawa na risasi kwa wingi huo. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa, yaani kwa uzembe na dharau ya waliowachukua. Upande wa Wajerumani hata hesabu kamili haikuwekwa.

Makaburi ya maofisa wa Kiingereza yapo, Tanga, Moshi na Dar es Salaam, majani yamefyekwa, majina yamechongwa. Mnamo Aprili 2021 tume ile ile inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kukiri jambo ambalo bibi ye yote wa Handeni angeweza kuwaambia kwa nusu saa.

Na sisi wenyewe? Sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi. Lakini juu, penye shaba, penye kuonekana na kila mpita njia, amesimama askari peke yake na bunduki yenye singe. Nairobi, katika sanamu ya aina hiyo, angalau mpagazi amesimama pamoja na askari. Kwetu mpagazi ameachiwa soko. Kariakoo ndilo kaburi lake la pekee lenye jina: neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililopondwapondwa na ndimi za watu hata likawa la Kiswahili. Maelfu hununua na kuuza hapo kila siku, wala hawajui kwamba wanatamka jina la jeshi la marehemu.

HOJA MBILI ZA KUJIBIWA

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: "Lakini Mjerumani alijenga imara, tazama majengo ya siku hizi yanavyopasuka." Ndugu yangu, nani aliyejenga? Ofisa wa Kijerumani alishika karatasi na kiboko. Aliyechoma chokaa, aliyebeba jiwe, aliyepanda ngazi na karai ni yule ambaye mjukuu wake alisimama na mimi kando ya shimo. Ukiusifu ukuta, usifu mikono iliyouweka. Na ikiwa jengo la jana limepasuka, mlaumu mkandarasi aliyeiba saruji, usimtukuze mkoloni.

Wa pili hoja yake ina uzito zaidi. Atasema: "Askari wale walikuwa babu zetu. Walipigana kwa ushujaa miaka minne. Unataka tuwakane?" Sitaki. Babu ni babu, hata alipokuwa amevaa kofia ya mtu mwingine. Lakini tusikubali hadithi iliyotungwa Berlin, ya askari mwaminifu aliyempenda bwana wake hata kufa. Jeshi lile lilianzishwa na Wissmann mwaka 1889 kwa Wasudani waliokodiwa Misri na watu walioletwa kutoka Msumbiji, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumpiga Bushiri na Bwana Heri. Wenyeji walioingia baadaye waliingia kwa sababu mshahara wa askari ulikuwa mkubwa kuliko wa kibarua ye yote, na kwa sababu mwenye bunduki hapigwi hamsa ishirini kirahisi. Na mambo yalipokuwa magumu, mwaka 1917 na 1918, wengi walitoroka, kama mtu mwenye akili anavyotoroka vita isiyo yake. Huo si uaminifu wala uhaini. Ni maisha ya mnyonge katika ugomvi wa mabeberu wawili. Tuwaeleze watoto hivyo, nao watawaheshimu babu zao kama watu badala ya kuwaabudu kama sanamu.

Tena linganisha. Mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi iliidhinisha fedha za kuwalipa askari wazee wa Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai. Vizuri, mwenye haki yake apewe. Lakini mpagazi hakuwa na namba ya kikosi, hakuwa na amri za gwaride za kukumbuka, hakuwa na kipande cha sare cha kuonyesha. Alikuwa na kovu la kamba begani. Kovu halikukubaliwa dirishani.

HAZINA NA DENI

Hapa ndipo tunapoifikia hazina yenyewe. Mpagazi aliandikiwa mshahara, ingawa mdogo. Alipokufa njiani, mara nyingi jina lake lilikuwa limeandikwa vibaya, kijiji chake hakikuandikwa kabisa, na mshahara wake haukuwafikia mkewe wala watoto wake. Zidisha mshahara mmoja huo kwa maelfu ya waliokufa. Ongeza mbuzi na mtama uliochukuliwa bila kulipwa. Ongeza siku za kubeba mawe ya boma kwa sababu ya rupia 3 za kodi. Hiyo ndiyo hazina ya Mjerumani, na hazina ya Mwingereza pia. Ipo, ni kubwa, na ni yetu. Ila haitwi dhahabu, inaitwa deni. Na deni halifukuliwi kwa sururu. Hufukuliwa kwa kalamu na kwa sauti.

Mnamo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa maovu ya Vita ya Maji Maji. Lilikuwa jambo la haki, nalo lilitokea kwa sababu watu wa Songea hawakusahau majina ya walionyongwa. Waliyatunza, wakayajengea makumbusho, wakawafundisha watoto. Sisi wa Handeni na Korogwe tukifikiwa na mgeni wa namna hiyo kesho, tutampeleka wapi? Kwenye shimo?

Kwa hiyo hatuna budi kufanya mambo ambayo hayahitaji mafuta ya gari wala kondoo mweusi. Kila shule ya msingi na ya sekondari katika wilaya hizi iwatume wanafunzi kwa wazee wao na daftari, waandike: nani katika ukoo wetu alichukuliwa, na upande gani, alirudi au hakurudi, na nyumbani walikula nini. Wanaokumbuka simulizi za babu zao ni wazee sana sasa; kila msiba mmoja ni daftari linalozikwa. Viongozi wa vijiji na kata wakome kuyafumbia macho mashimo, na wenye ramani wafikishwe mahakamani kama matapeli wengine. Na baadhi ya viongozi wetu, ambao wakilitazama boma la zamani wanaona watalii peke yao, wajue kwamba kibao kisemacho tu kwamba hili ni boma la Mjerumani ni uongo wa nusu. Kiandikwe pia lilijengwa na nani, na kwa kulazimishwa vipi.

Na ikiwa siku moja tutapata fedha za kusimamisha sanamu katika wilaya hizi, pasimamishwe Korogwe, pale reli na barabara zinapokutana, mtu asiye na bunduki. Asiwe na farasi wala upanga. Awe na mzigo kichwani na uso wa mtu aliyeacha shamba halijapaliliwa. Wasafiri wa Tanga, Moshi na Dar es Salaam wakishuka kunywa chai, watoto wao watauliza huyu ni nani, na wazazi watalazimika kujibu.

Nilipoondoka siku ile, mzee alikuwa ameokota mawe mawili yaliyong'olewa msingini, akawa anayarudisha mahali pake, polepole, moja baada ya jingine. Nilimwuliza kwa nini anahangaika na ukuta wa mkoloni. Alinitazama kana kwamba sikuwa nimeelewa neno lo lote. "Ukuta ni wake," akasema. "Mawe ni ya babu yangu."